Mlima Haukimbii

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya vijana baada ya futari ya pamoja. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu, na wewe msomaji ambaye pengine umeshika gazeti hili huku ukisubiri adhana ya magharibi: nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya mwanafunzi ugenini. Najua wengi mnataka kusikia habari za karo, vyumba vya kupanga na namna ya kupata nyama ya halali. Hayo yana siku yake, inshaallah. Leo wacha niwasimulie habari ya mlima mmoja ambao nilishindwa kuupanda, na kwa nini mpaka leo namshukuru Mola wangu kwa kushindwa kule.

MJI ULIO CHINI YA MLIMA

Mimi nasoma Cape Town, Afrika Kusini. Mji ule umekaa baina ya bahari na mlima, na kila utokapo mlangoni, mlima unakutazama. Inasemekana wenyeji wa asili, Wakhoikhoi, waliuita Hoerikwaggo, yaani mlima ulio baharini. Wazungu wakauita Table Mountain, Mlima wa Meza, kwa sababu juu yake pamelala sawasawa kama meza, kiasi cha kilomita tatu kutoka pembe hii hadi ile. Mashariki yake kuna Devil's Peak, chenye mita 1,000 hivi. Magharibi kuna kilele chenye ncha kiitwacho Lion's Head, mita 669, na kutoka hapo mgongo wa ardhi unashuka mpaka Signal Hill, mita 350, ukielekea baharini. Meza yenyewe, pale palipo juu zaidi, ina mita 1,086.

Sasa wewe uliyesoma jiografia utaniambia: Mlima Kenya una mita 5,199, hiyo mita 1,086 ni kitu gani? Hata mimi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti. Nililosahau ni kwamba anayekwenda Mlima Kenya akifika Nanyuki ameshapandishwa na gari karibu mita 1,900 juu ya bahari, na bado yumo sokoni ananunua ndizi. Table Mountain unaanzia ufukweni. Ukuta wake wa mawe unasimama wima juu ya mji, na kwa kuwa unauona kila siku kutoka dirishani, unaudhania jirani. Hapo ndipo watu wengi wanapohadaika.

Mlima huu pia una historia ya Waislamu. Chini ya Signal Hill kuna mtaa wa Bo-Kaap, wenye nyumba za rangi rangi na misikiti ya zamani. Wengi wa wakaazi wake ni kizazi cha watumwa na wafungwa walioletwa na Waholanzi kutoka visiwa vya Indonesia na kwengineko. Mmoja wa wafungwa hao ni mwanachuoni aliyejulikana kama Tuan Guru, mtu wa Tidore, aliyefikishwa Cape mwaka 1780 na kufungwa kisiwa cha Robben, kile kile alichofungwa Nelson Mandela baadaye. Kule kifungoni aliandika Msahafu kwa kichwa. Alifariki mwaka 1807 na kaburi lake liko Tana Baru, makaburi ya Waislamu kwenye mteremko wa Signal Hill.

Na ni juu ya Signal Hill hiyo hiyo ndipo watu wa Cape Town hukusanyika kuangalia mwezi. Familia nzima nzima hupanda na watoto, na wengine husimama ufukweni Sea Point, macho yote magharibi baharini.

Jioni ya kuangalia mwezi wa Ramadhani ya 2024 tulikuwapo, vijana watatu wa Kiswahili: mimi mtu wa Mombasa, mwenzangu wa Lamu, na mwengine wa Tanga. Watu wote walikuwa wakitazama bahari. Sisi tukageuka, tukautazama mlima ukigeuka rangi kwa jua la magharibi. Yule wa Lamu akasema, "Jamani, siku moja tufuturu kule juu." Tukasema inshaallah, tukapeana mikono.

SAFARI ILIYOANZA VIBAYA

Tulikwenda Jumamosi moja katika kumi la kati. Wacha nikupe mpango wetu kama tulivyoupanga, uone mwenyewe matundu yake.

Tutaanza saa tisa alasiri ili jua liwe limepoa. Tutapita njia ya Platteklip, korongo linalopasua uso wa mlima katikati. Ni njia ya zamani sana: Mreno António de Saldanha aliipanda mwaka 1503. Tutafika juu kabla ya magharibi, maana siku zile jua lilikuwa likitua karibu saa moja kasorobo. Tutafuturu kwa tende na maji, tutaswali, kisha tutashuka kwa kebo, kile kigari kinachoning'inia kwenye waya wa chuma, ambacho kimekuwa kikipandisha watu tangu mwaka 1929. Kila mmoja alichukua chupa ya nusu lita. "Maji ya nini mengi," nikasema, "na sisi tumefunga?"

Ndugu msomaji, neno hilo nalijutia.

Njia ya Platteklip si ndefu. Kutoka barabara ya juu, iitwayo Tafelberg Road, ni kama kilomita tatu tu. Lakini ndani ya hizo tatu unapanda karibu mita 700, na karibu yote ni ngazi za mawe, nyengine zafika magotini. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa karibu na ikweta hatulifikirii. Kule kusini, jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Na uso wa mlima unaotazama mji ni wa kaskazini. Basi mawe yale hupigwa na jua tangu asubuhi, na saa tisa alasiri yanakurudishia joto lote kama mlango wa tanuri.

Baada ya saa moja na kitu tulipata jiwe pana, tukaswali alasiri. Mwenzetu wa Lamu alipoinuka kutoka sijda ya mwisho alishika ukuta. Nikamwuliza, "Vipi?" Akasema, "Kichwa tu." Nikamwambia vumilia, swaumu ni subira.

Nataka uelewe neno hilo lilitoka wapi. Lilikuwa neno la dini, lakini halikutoka katika dini. Lilitoka katika kiburi changu. Nilikuwa nimeshawaambia watu nyumbani kwamba siku ile nitawatumia picha ya futari kutoka juu ya Table Mountain. Nilikuwa natazama saa yangu, simtazami mwenzangu.

Na kuna jambo zaidi. Siku tulipoondoka Mombasa, mama yake alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, huyu ni mdogo wako. Nakukabidhi." Nami nikajibu, "Mama, usiwe na wasiwasi."

Tukaendelea. Ilipofika saa kumi na moja na robo, yule kijana aliyekuwa akitoa jasho kama maji alikuwa mkavu, midomo imepasuka. Akakaa chini bila kuambiwa. Tukimwuliza jambo, anajibu jengine. Mwenzetu wa Tanga akanitazama, nami nikatazama juu, maana bado nilikuwa nahesabu ngazi zilizobaki. Na huko juu nikaona wingu jeupe linamiminika kwenye ukingo wa mlima kama maziwa yanayofurika sufuriani. Nikaona ni pazuri. Wallahi, nikatoa simu nipige picha.

MZEE ALIYEKUWA AKISHUKA

Wakati ule walikuwa wakishuka watu, wengi, kwa haraka. Miongoni mwao mzee mmoja wa miaka sitini na kitu, kofia kichwani, fimbo mkononi, mkoba mgongoni. Alitusikia tukisema kwa Kiswahili, akatoa salamu, tukaitikia. Kule Cape Town mwanamume aliyekuzidi umri humwita Boeta, kama sisi tunavyosema Kaka. Basi nitamwita hivyo, Boeta.

Hakuuliza tunakwenda wapi. Alichuchumaa mbele ya mwenzetu, akamshika shavu, akamwuliza leo ni siku gani. Mwenzetu akasema Alkhamisi. Ilikuwa Jumamosi.

Boeta akatoa chupa ya maji. Mwenzetu akatikisa kichwa: "Imebaki saa moja na nusu tu." Alikuwa hajui siku, lakini saa ya kufuturu anaijua! Mzee akanigeukia mimi, kwa kuwa nilikuwa ndiye mkubwa. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kama nimesoma madrasa. Nikasema ndio. Akasema, "Basi unajua. Siku ya swaumu ina siku ya kuilipa. Huyu kijana, je, utamlipa kwa nani?"

Nilikuwa najua. Nimekaa miaka kwenye jamvi mbele ya mwalimu. Aliyehofia kuangamia au kudhurika huruhusiwa kufungua, kisha atalipa siku yake baadaye. Sote tumefundishwa hivyo. Lakini elimu ile niliiwacha chini pamoja na viatu vyangu vya kuendea msikitini.

Nikachukua ile chupa, nikamwambia mwenzangu, "Kunywa, ndugu yangu. Bismillah." Akanywa. Kidogo kidogo, alivyoagizwa. Tukamkalisha kwenye kivuli cha jabali, tukamvua koti, tukamlowesha shingo na kichwa. Boeta alikuwa na chumvi na sukari kwenye karatasi, akavitia kwenye maji ya pili. Baada ya kama nusu saa alisema kwa sauti yake mwenyewe, "Kwani tumefika wapi?" Mtu wa Tanga akalia.

KITAMBAA CHA MEZA

Tulipokuwa tukimsubiri apate nguvu, Boeta alitufunza lile wingu. Wenyeji huliita kitambaa cha meza. Upepo wa kusi-mashariki, ambao huvuma sana miezi ya joto, hutoka upande wa ghuba ya False Bay ukiwa na unyevu wa bahari. Unagonga mlima, hauna pa kupita, unapanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa unyevu hugeuka wingu. Kisha upepo unalivusha wingu ukingoni, linaanza kushuka upande wa mji, linapata joto, linayeyuka hewani kabla ya kufika chini. Ndiyo maana ukiwa mjini unaona kitambaa kinaning'inia mahali pamoja, kumbe kila dakika ni wingu jengine.

Aliye mjini huona mandhari. Aliyeko juu yumo ndani ya ukungu, haoni jiwe la mbele, upepo unamsukuma na baridi inamwingia na nguo zake zimelowa jasho. Tena upepo ukizidi, kebo husimama. Mara nyingi honi hupigwa huko juu ili watu wawahi kushuka. Siku ile kebo ilikuwa imesimama, na wale waliokuwa wakitupita kwa haraka ndio waliokuja kwa miguu.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Lau tungefika juu: wingu, giza, baridi, mgonjwa, nusu lita za maji, hakuna tochi, na kebo hakuna. Mlima ule hupoteza watu karibu kila mwaka, na wengi wao hawakuwa wapandaji wa majabali wenye kamba. Walikuwa watu wa kutembea tu, waliochelewa au waliopotea njia. Kuna madaktari, wapandaji na watu wengine wanaojitolea kwenda kuwatoa usiku na mchana. Huenda usiku ule wangetoka kwa ajili yetu.

Tukarudi. Boeta mbele, mgonjwa nyuma yake ameshika mkoba wa mzee, sisi wawili nyuma. Kushuka si kupumzika. Magoti yanatetemeka, na mawe yale yamesuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza. Jua lilitua tukiwa tumefika barabarani. Tukafuturu pale, tumekaa ukingoni mwa lami, taa za mji zinawaka chini yetu na kisiwa cha Robben kinaonekana kwa mbali baharini. Tende tatu na maji. Sijapata kula futari tamu kama ile.

Baadaye Boeta alituchukua kwake Bo-Kaap. Kule futari huiita boeka, na watoto hutumwa na sahani za vitafunio kwa majirani, kama tunavyofanya Mji wa Kale. Mke wake alitupa supu, sambusa na bajia, akamkemea mumewe kwa kuchelewa, kisha akatukemea sisi zaidi.

MARA YA PILI

Baada ya Idi tulirudi, na safari hii Boeta alikuwa kiongozi. Tulikuwa wanne. Tulianza mara tu baada ya alfajiri, kila mtu na lita mbili za maji, kofia, koti la upepo na tochi. Tulikuwa juu kabla jua halijawa kali.

Juu ya meza si uwanja mtupu kama nilivyodhani. Ni bustani. Kuna vichaka vya majani membamba na magumu viitwavyo fynbos, maua ambayo mengine hayaoti mahali pengine popote duniani, madimbwi ya maji ya rangi ya chai, na pimbi wanaoota jua kwenye mawe bila kumjali mtu. Tukatembea mpaka Maclear's Beacon, lile rundo la mawe lililopewa jina la mwanafalaki Thomas Maclear aliyefanya kazi ya kupima ardhi kule katika karne ya 19. Hapo ndipo penye mita 1,086. Upande mmoja uko mji na ghuba yake, upande wa pili False Bay inang'aa.

Mwenzetu wa Lamu alikaa kwenye jiwe akasema, "Kumbe ulikuwa hapa hapa tu." Tukacheka. Mlima haukimbii. Ulikuwapo kabla ya Saldanha, na ukatusubiri sisi wiki chache bila tabu.

Basi, vijana wenzangu, nikupeni niliyojifunza, iwe unakwenda Table Mountain, Longonot, Kasigau au kilima cha nyuma ya kwenu:

1. Usipande mlima mgumu katika joto ukiwa umefunga. Una miezi kumi na moja mengine. Ukitaka kutembea Ramadhani, tembea tambarare, karibu na nyumbani, karibu na futari.

2. Anza asubuhi. Aliyechelewa asubuhi bado ana mchana. Aliyechelewa alasiri ana giza.

3. Usiende peke yako. Cape Town wenyeji hushauri watu wanne au zaidi, kwa sababu ya ajali na pia kwa sababu ya wezi wa njiani. Mtu aliyebaki nyumbani ajue mmepita njia gani na mtarudi saa ngapi.

4. Chagueni kiongozi kabla ya kuondoka, na mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Kiongozi asiyetazama nyuma anajiongoza mwenyewe.

5. Usitegemee kebo, gari wala simu kukushusha. Beba nguvu ya kurudi kwa miguu yako.

6. Mtu akiacha kutoa jasho katika joto, akaanza kusema ovyo, safari imekwisha. Kivuli, maji kidogo kidogo ikiwa anaweza kumeza, mpoze mwili, na tafuta msaada upesi.

7. Panga saa ya kugeuka kabla hujaanza, na ikifika, geuka, hata kama kilele unakiona.

Namalizia kwa jambo moja ambalo sijalisema mahali popote mpaka usiku huu. Yule mama wa Lamu aliyenikabidhi mwanawe husoma gazeti hili. Tuliporudi likizo alinipikia, akanishukuru kwa kumwangalia kijana wake, nami nikanyamaza. Mama yangu, mwanao alilipa siku yake moja, mimi ndiye niliyebaki na deni. Nilimwambia avumilie kwa ajili ya picha yangu. Nisamehe.

Na wewe msomaji, tazama nyuma yako kidogo. Uone ni nani uliyekabidhiwa, na anakwendaje.

Allah (S.W.) atukubalie swaumu zetu, awahifadhi wasafiri wetu, na awarudishe wote salama kwa wazazi wao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.